Fildi Isiyorudi Kijijini Isipewe Alama

Kila mwaka wa masomo, vyuo vya Unguja huwatoa wanafunzi wao kwenda kufanya mafunzo kwa vitendo, yale ambayo mitaani kila mtu anayaita fildi. Wengi huishia maofisini na mahotelini. Wachache hufika Makunduchi, Paje, Kizimkazi, Uzi na Cheju, wakakaa na wakulima wa maweni, wavuvi wa pweza na akina mama wa mwani. Huuliza, huandika, hupiga picha, kisha hurudi mjini na daftari lililojaa. Daftari likishapigwa mhuri na ripoti ikishapewa alama, kijiji hakisikii tena habari yake.

Hukumu yetu juu ya utaratibu huu ni kwamba ukomeshwe. Fildi inayochota elimu ya kijiji bila ya kuirudisha isihesabiwe kuwa masomo, na ripoti yake isipewe alama mpaka wenye elimu ile wawe wameisikia, wameisahihisha na wameipokea kwa Kiswahili. Tena fildi ya kijijini isiwe bahati ya wachache. Iwe ndiyo njia kuu ya kumfunza kijana wa Kizanzibari anayesomea kilimo, uvuvi, mazingira, lishe au utalii.

Tunayasema haya kwa sababu ya chakula. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar. Ile ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773. Kwa miaka kumi tumeongezeka karibu laki sita, na ardhi ni ile ile, tena inaliwa na nyumba, mahoteli na barabara. Mchele tunaopika mchana na unga wa ngano wa mikate yetu ya asubuhi, sehemu kubwa huteremshwa bandarini. Julai 2023 India ilipozuia kuuza nje mchele mweupe usio wa basmati, masoko ya mchele yalitikisika dunia nzima, na nchi ya visiwa inayokula kwa kutegemea meli haikuwa na pa kujificha. Anayepangiwa bei ya sahani yake na watu asiowajua hawezi kudai kuwa ana mamlaka juu ya chakula chake.

Mamlaka ya chakula ni dai lenye historia. Mwaka 1996, viongozi wa dunia walipokutana Roma kujadili njaa, wakulima wadogo wa harakati ya La Via Campesina walisimama wakasema kwamba haitoshi watu kushiba. Watu wawe na haki ya kujiamulia wale nini, walime vipi, na mbegu iwe mikononi mwa nani. Desemba 2018 Umoja wa Mataifa ulipitisha Azimio la Haki za Wakulima Wadogo, na ndani yake imo haki ya mkulima juu ya mbegu zake na kulindwa kwa maarifa yake ya jadi. Haki hiyo haiwezi kusimama hapa kwetu ikiwa wanaosomeshwa kusimamia kilimo na bahari hawayajui maarifa yenyewe.

Visiwa hivi vimeshaonjeshwa machungu ya kutegemea chakula cha nje. Tangu karne ya 19, karafuu iliposhika ardhi nzuri, tulizoea kununua mchele kwa fedha ya karafuu. Japani ilipoiteka Burma mwaka 1942, mchele wa Burma uliokuwa ukitulisha ukakatika, na serikali ya kikoloni ikageuka ghafla kuwahimiza watu walime chakula. Baadaye, katika miaka ya mwisho ya uongozi wa Mzee Abeid Amani Karume, uagizaji wa chakula kutoka nje ulibanwa, na foleni za mjini wazee wetu wanazikumbuka hadi leo. Katika shida zote hizo watu walirudi kwenye muhogo, ndizi, viazi vikuu, majimbi na shelisheli, na kwenye ujuzi wa wale waliojua kuvilima na kuvihifadhi. Pemba watu walifika hata kwenye mtapo, mti ambao mbegu zake ni sumu kwa asiyejua kuzitengeneza. Uliingia jikoni kwa kuwa walikuwapo waliojua namna ya kuitoa sumu ile. Ujuzi wa aina hiyo haukisiwi, na siku ukipotea unaondoka na chakula chenyewe.

Tulitazame konde moja la maweni, kusini au mashariki ya Unguja. Mgeni huona mawe na vichaka. Mkulima huona mifuko ya udongo baina ya mawe, na hujua kwa rangi na kina mfuko upi utabeba muhogo, upi mtama, upi unatosha kunde tu. Hufyeka, huchoma, hupanda mchanganyiko ili mvua ikilinyima zao moja lipatikane jingine, huzungusha ukuta wa mawe kuzuia nguruwe mwitu, na baada ya misimu michache huliacha konde lipumzike, msitu urudi. Wapi pafyekwe na wapi pasiguswe halikuwa jambo la mtu mmoja kujiamulia. Kila mji ulikuwa na wazee wake, wavyale, waliosikilizwa. Huo ni usimamizi wa ardhi uliokamilika, wenye sayansi yake na sheria zake, na umewalisha watu juu ya ardhi ambayo vitabu huiita duni.

Mwaka Kogwa wa Makunduchi wageni wanaujua kwa vita vya magogo ya migomba na kibanda kinachotiwa moto kila Julai. Nyuma ya sherehe ile ipo kalenda nzima ya jua, inayoanza Nairuzi na kuhesabu siku kwa miongo, kumi kumi. Kwa kalenda hiyo mkulima alijua masika yako wapi na vuli iko wapi, na nahodha alijua lini kusi itapisha kaskazi. Wazee walikitazama Kilimia angani wakasema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Kijana anayesomea mabadiliko ya tabianchi anazihitaji kumbukumbu hizo sawa na anavyohitaji vipimo vya mvua, maana hawezi kusema majira yamebadilika bila ya kujua yalikuwaje.

Nenda Kizimkazi siku za bamvua, maji yakishatoka mbali. Mama anatembea juu ya mwamba na kijiti mkononi, macho chini. Anatafuta makombe na vijiwe vilivyokusanyika mlangoni mwa shimo, ndiyo dalili kwamba pweza yumo. Anajua shimo lipi hukaliwa tena baada ya pweza wa kwanza kuvuliwa, na anajua mwamba upi umechoka. Wanakijiji walipokubaliana kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza akue, wakisaidiwa na Mwambao, mtandao wa jamii za pwani, ujuzi wa akina mama hawa ulikuwa sehemu ya mpango. Mwanafunzi wa sayansi ya bahari aliyemaliza masomo bila ya kutembea naye mwambani, hata bamvua moja, amesomeshwa nusu.

Sasa tuulize elimu hii imeandikwa wapi. Kitabu kikubwa cha mimea ya Unguja na Pemba, chenye majina yake ya Kiswahili, kiliandikwa na R. O. Williams mwaka 1949, kwa Kiingereza. Utafiti wa Martin Walsh juu ya mimea iliyoliwa Pemba wakati wa njaa ulitoka 2009, kwa Kiingereza. Taasisi ya Kimarekani ya SIT imekuwa kwa miaka mingi na programu yake ya ikolojia ya pwani hapa Mji Mkongwe. Kila mwanafunzi huifunga kwa utafiti wake mwenyewe, na ripoti nyingi zimewekwa wazi kwenye intaneti, nazo kwa Kiingereza. Hatuwalaumu wageni hawa. Wao wameandika na wameacha nakala. Lawama ni yetu sisi, ambao tumekubali mtu aliyeko Vermont, Marekani, asome habari za mwani wa Jambiani kwa wepesi zaidi kuliko mtoto aliyeko skuli ya Jambiani.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Hapa daftari lipo, ila limefungiwa mjini. Kila mwaka ripoti za wanafunzi wetu wenyewe hurundikwa makabatini baada ya kusahihishwa, na mwaka unaofuata kijana mwingine hutumwa kijiji kile kile kumuuliza bibi yule yule maswali yale yale. Bibi anajibu kwa adabu, kwa sababu mgeni hafukuzwi. Hajaona karatasi hata moja. Vyuo vikitaka kujua kwa nini baadhi ya vijiji vimechoka na watafiti, jawabu ni hilo.

Liko na jambo zito zaidi, nalo ni mbegu. Mwaka 2014 Zanzibar ilitunga sheria ya haki za wazalishaji wa aina mpya za mimea, na Novemba 2015 Tanzania ikajiunga na UPOV, umoja wa kimataifa unaozilinda haki hizo. Mfumo huo unamlinda anayesajili. Bibi aliyechagua mbegu yake ya mpunga suke kwa suke, msimu baada ya msimu, hana cheti cha kuonyesha. Ripoti ya mwanafunzi inayotaja mbegu, sifa zake, kijiji na nyumba ya aliyenayo, ikiwekwa hadharani bila ya idhini, inamfungulia njia yeyote mwenye maabara na wakili. Itifaki ya Nagoya ya 2010, mkataba wa kimataifa juu ya rasilimali za viumbe hai, inataka idhini itangulie na faida igawanywe. Idhini hiyo haianzi kwenye meza ya waziri. Inaanza pale kijana anapofungua daftari mbele ya mzee.

Wasan wa kusini mwa Afrika walijifunza kwa machungu. Mmea wa hoodia, waliokuwa wakiutafuna kuzuia njaa wakiwa mawindoni, viini vyake vya kuzuia njaa vilikatiwa hataza na taasisi ya utafiti ya Afrika Kusini bila ya wao kushirikishwa, na mkataba wa kuwagawia faida ukaja baadaye, mwaka 2003, baada ya kupiganiwa. Machi 2017 Wasan wakatangaza kanuni zao wenyewe za utafiti: anayekuja kwao aje kwa heshima, ukweli, haki na kujali. Hatuoni kwa nini Makunduchi, Nungwi au Tumbatu isiwe na kanuni kama hizo.

Wanaosema haiwezekani watazame yaliyokwisha kufanyika hapa hapa. Muhogo ulipokuwa ukiozea ardhini kwa maradhi ya michirizi ya kahawia, watafiti wa kilimo wa Kizimbani walifanya kazi mpaka mwaka 2007 zikatolewa aina nne zinazostahimili, na zikaitwa Kizimbani, Mahonda, Kama na Machui. Kilimo cha mwani kilichoanza 1989 katika pwani ya mashariki kilipokumbwa na vifo vya mwani na bei duni, Dk. Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari hakuishia kuandika makala. Alifanya kazi na akina mama wenyewe, wale wanaofunga mbegu kwenye kamba kwa taitai na kujua kwa kushika kwamba maji leo yamezidi joto. Mwaka 2006 ukaundwa umoja wa wadau wa mwani Zanzibar, na leo sabuni na unga wa mwani vinatengenezwa na mikono ya wanawake wa vijijini. Baraza la Kiswahili Zanzibar nalo limechapisha makamusi ya lahaja za Kimakunduchi, Kitumbatu na Kipemba. Walioweza kukusanya maneno ya vijiji na kuvirudishia yakiwa kitabu wametuonyesha kwamba majira, mbegu na mapishi vinaweza kukusanywa na kurudishwa vivyo hivyo.

Tunajua pingamizi zitakazoletwa, na tunazijibu mapema.

Litasemwa la fedha. Posho ya mzee anayefundisha wanafunzi watano kwa mwezi ni ndogo mbele ya gharama ya warsha moja ya hoteli inayozungumzia "kushirikisha jamii". Fedha zipo, zimezoea njia nyingine.

Litasemwa kuwa wazee hawana vyeti. Chuo kinachomtuma mwanafunzi kwa mtu ili akajifunze kimeshakiri kuwa mtu huyo ni mwalimu. Kukataa kumlipa na kukataa sahihi yake kwenye tathmini, baada ya kukiri hivyo, ni kumdhulumu.

Litasemwa kuwa baadhi ya maarifa haya yamechanganyika na mizimu na yanagongana na dini. Katika nchi ya Waislamu jambo hili lina uzito na halifai kubezwa. Lakini kuhesabu miongo, kupumzisha konde, kuchagua mbegu na kufunga mwamba wa pweza ni kazi za akili na uzoefu, na hakuna anayelazimishwa kuamini lolote ili azijifunze. Mwanafunzi aandike alichoambiwa kama alivyoambiwa, na kila mtu abaki na imani yake.

Na litasemwa kuwa vijana hawataki jembe. Vijana hawaoni wanaloheshimiwa kwalo. Kijana anayeona mama yake akiitwa "mlengwa" kwenye kila mradi, na hajawahi kumwona akiitwa mwalimu, atakimbilia mjini kwa haki. Siku mama huyo akitia sahihi kwenye ripoti ya chuo kikuu, kijana ataitazama elimu ya nyumbani kwake kwa jicho jingine.

Kwa hiyo tunasema yafuatayo, na tunawataja wanaohusika kwa majina yao.

Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, chenye Skuli yake ya Kilimo pale pale Kizimbani, kiongoze. Chuo Kikuu cha Zanzibar na Chuo Kikuu cha Abdulrahman Al-Sumait vifuate. Kila kimoja kifunge mkataba na shehia kadhaa za Unguja ziwe vituo vya kudumu vya fildi, ili mwanafunzi wa mwaka huu aanze pale alipoishia wa mwaka jana. Mkulima, mvuvi na mama wa mwani anayefundisha alipwe posho na awe na sehemu katika alama ya mwisho.

Ripoti isomwe kijijini kabla ya kuwasilishwa chuoni. Isomwe kwa Kiswahili, mbele ya waliohojiwa, kwenye skuli au barazani kwa sheha, na wao wawe na haki ya kusahihisha na haki ya kusema hili lisiandikwe. Nakala moja ibaki skuli ya kijiji, moja kwa sheha, na moja iwekwe kwenye Nyaraka za Taifa kule Kilimani. Masharti haya yawahusu pia wanafunzi wa kigeni, tena yaandikwe ndani ya kibali chao cha utafiti.

Hakuna mbegu, mzizi wala jani litakaloondoka kijijini, na hakuna sifa ya mbegu itakayochapishwa, bila ya idhini ya maandishi ya mwenyewe na ya kamati ya shehia. Wizara ya Kilimo iandae fomu moja, fupi, kwa Kiswahili chepesi, na Baraza la Wawakilishi liitazame upya sheria ya 2014 ili mbegu za wakulima zipate kinga yao.

Wizara ya Kilimo na Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi zitenge fungu la fildi za vijijini katika bajeti zao. Zanzibar ina Sheria ya Uhakika wa Chakula na Lishe tangu 2011. Uhakika wa chakula usiosimama juu ya elimu ya walimaji wake utabaki kwenye karatasi. Mahoteli nayo yachangie. Watalii zaidi ya laki saba waliingia Zanzibar mwaka 2024, na mboga na matunda mengi wanayolishwa yanatoka nje ya visiwa. Mwanafunzi wa utalii anayefanya fildi hotelini apelekwe pia Cheju na Bumbwisudi akaone mpunga na mboga, na hoteli inayompokea inunue kutoka huko.

Na nyinyi wanafunzi msijifiche nyuma ya vyuo. Anayebuni majibu kwenye dodoso akiwa amekaa Forodhani anaiba mara mbili, kwa chuo na kwa kijiji. Anayeahidi kurudisha ripoti kisha asirudi amewafungia mlango wenzake wanaokuja nyuma. Ingieni kwa adabu, shikeni jembe kabla ya kalamu, na mliyofundishwa yatajeni kwa jina la aliyefundisha ikiwa ameridhia.

Wazee wanaoijua kalenda ya miongo, mbegu za zamani za mpunga na mashimo ya mwambani wanapungua kila mwaka, na hakuna mkopo wala mfadhili atakayeturudishia kinachozikwa nao. Mwaka wa masomo ujao usifunguliwe kwa utaratibu wa sasa. Wakuu wa vyuo wana miezi ya kutosha kukaa na masheha na kuandika mikataba. Wakishindwa, Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali izuie fildi zao vijijini mpaka watakapotimiza, na vijiji navyo viwe na haki ya kumrudisha mwanafunzi yeyote anayekuja bila ya mkataba huo.